DaVinci Resolve ya bure kwa sisi tunaoediti sendofu na harusi za Dar

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaopita ofisini Sinza, laptopu begani, ni hili la programu ya kueditia video. Wengine huja na majibu yao kabisa. Mmoja atasema CapCut ya kwenye simu inatosha, mwingine kuna jamaa Kariakoo anakuwekea programu ya kulipia kwa mwezi, imeshavunjwa, haidai senti. Mimi naediti sendofu, harusi, kicheni pati na ubarikio, na kazi zangu zote zinapita kwenye DaVinci Resolve, toleo la bure. Naieleza hapa nikimfikiria mtu wa kazi kama yangu. Anayetengeneza vipande vya sekunde thelathini vya kuuzia vitenge mtandaoni abaki na simu yake, asijipe presha.

Wanaoitengeneza ni Blackmagic Design, kampuni ya Australia yenye makao Melbourne, hao hao wenye kamera za Blackmagic. Mwaka 2009 waliinunua da Vinci Systems ya Marekani, iliyokuwa ikiuza mitambo ya kurekebisha rangi za filamu, mitambo ya mamia ya maelfu ya dola. Ukilijua hilo unaielewa programu nzima. Ilizaliwa kwa ajili ya rangi, mengine yakaongezwa baadaye: Fairlight ya sauti mwaka 2017, Fusion ya michoro mwaka 2018, ukurasa wa Cut mwaka 2019. Ndiyo maana chini ya skrini kuna kurasa kadhaa na kila moja ina tabia yake kama nyumba ya kupanga. Mgeni akifungua mara ya kwanza anachanganyikiwa. Namwambia afanye kazi kwenye Edit, Color na Deliver tu, zile nyingine azisahau mpaka atakapozihitaji.

Ubure wake ni wa kweli. Hauishi baada ya mwezi, na video yako haipigwi chapa. Unatoa picha hadi 4K ya 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde, na hakuna bibi harusi wa Dar aliyewahi kudai zaidi ya hapo. Ukiweka efekti ambayo ni ya toleo la Studio, lile la kulipia, ndipo inaandika jina lake katikati ya picha na kukukaribisha ununue. Iondoe efekti hiyo, maandishi yanaondoka. Kuipakua unajaza fomu ya jina na simu, na faili lenyewe ni zito, gigabaiti karibu tatu, kwa hiyo nunua bando la usiku ulale.

Kuhusu hizo zilizovunjwa nitasema mara moja tu. Unabeba kumbukumbu ya ndoa ya watu, haitarudiwa, halafu unaiweka kwenye kompyuta yenye programu ambayo mvunjaji wake humjui na hujui kaacha nini ndani. Ya bure ipo. Unaiba ya nini?

Sasa machungu. Resolve inakula kompyuta. Gigabaiti 16 za RAM ndiyo mahali pa kuanzia, na kadi ya grafiki inayojitegemea ni lazima kama unataka amani. Jirani yangu wa ofisi alinunua laptopu Kariakoo, kibandiko kinang'aa i7, jina la prosesa ya Intel, muuzaji anaapa kwamba ni ya wahariri. Ilikuwa i7 ya kizazi cha zamani, RAM nane, haina kadi ya grafiki hata ya kusingiziwa. Ile i7 peke yake haikuambii kitu. Kabla hujatoa hela mwambie muuzaji afungue Task Manager, upande wa Performance, uone kama kuna GPU, ndiyo hiyo kadi ya grafiki, moja au mbili na kumbukumbu yake ni kiasi gani. Akianza kuzunguka zunguka, ondoka.

Na hata kadi ikiwepo, mara nyingi Windows huipeleka Resolve kwenye ile dhaifu ya Intel ili kubana chaji. Dalili zake ni picha kukwama kwama, au ujumbe wa "GPU memory full" wakati hujaweka chochote kizito. Nenda kwenye mipangilio ya Display, sehemu ya Graphics, iongeze Resolve na uchague High performance. Kisha ndani ya Resolve yenyewe fungua Preferences, ukurasa wa Memory and GPU, hakikisha kadi iliyowekewa tiki ni ile kubwa, uifunge programu na kuifungua upya. Kama kadi ni ya Nvidia weka draiva ile inayoitwa Studio badala ya ya wacheza gemu. Na jamani, vumbi. Kwa joto la Dar, laptopu ambayo feni yake imeziba inajipunguza nguvu yenyewe ili isiungue, halafu mtu analaumu programu.

Ukiwa na video za 4K zilizobanwa kwa H.265, kama zinazotoka kwenye simu na kamera nyingi za siku hizi, usijaribu kuziediti mbichi kwenye mashine ya kawaida. Faili la namna hiyo halihifadhi kila fremu nzima, linahifadhi chache na kuandika tu mabadiliko ya zile zilizobaki, kwa hiyo kila ukiruka mbele au ukirudi nyuma kompyuta inapiga hesabu upya. Dawa ni proksi. Chagua klipu zote kwenye Media Pool, lile kapu la video zako, bofya kulia, Generate Proxy Media, ukale. Resolve inatengeneza nakala nyepesi, unaediti kwa hizo, na wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, inarudi yenyewe kwenye za asili. Wengi hawagusi kitu hiki kwa sababu kinachelewesha kuanza, halafu wanalalamika wiki nzima kwamba programu ni nzito.

Tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo programu inapolipa gharama zake zote.

Kumbi zetu unazijua. Pazia jeupe, jukwaa la maua, na taa za LED za zambarau na bluu zinazomwagwa kila kona, za kwenye Instagramu. Kwa macho ni nzuri. Kwa kamera ni balaa, kwa sababu taa ya zambarau ni nyekundu na bluu, kijani karibu hakuna, na ngozi yetu ya kahawia haiwezi kuonekana ya kahawia bila kijani kidogo. Mama mmoja mzaa bibi harusi alikuja ofisini kuangalia kazi kabla haijakabidhiwa. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akatazama dakika mbili.

"Mwanangu, mbona nimekuwa wa zambarau? Nimemlipa mpambaji laki nzima."

"Ni taa za ukumbi zile, mama. Hii bado haijapakwa rangi, nakurudishia ngozi yako."

"Sawa. Ila usinifanye mzungu."

Hiyo kauli ya mwisho inafaa kubandikwa ukutani kwa kila mhariri wa mjini. Nilichofanya ni hiki. Kwenye Color marekebisho yanapangwa kwa nodi, yaani hatua moja moja. Nodi ya kwanza naitumia kwa mwanga tu, sigusi rangi: shela jeupe lisiungue, suti nyeusi isizame. Nodi ya pili nafungua mchirizi wa Hue vs Sat, naikamata zambarau peke yake na kuishusha, na hapo chumba kizima kinapumua. Nodi ya tatu nachora duara la yai kuzunguka uso, napunguza makali ya kingo zake, kisha nabonyeza kitufe cha kufuatilia. Duara linamfuata mama akiingia ukumbini na mduara wa ndugu zake, akicheza, akigeuka, mpaka anakaa. Akipita mtu mbele yake linapotea, unarudi fremu chache na kulishika tena kwa mkono. Ndani ya duara hilo ndipo ninapoongeza kijani na joto kidogo kidogo.

Macho yanachoka na kudanganya, hasa saa saba usiku, kwa hiyo natumia kile kipimo cha mviringo kinachoitwa vectorscope. Kina alama ya mstari wa ngozi ambayo unaiwasha kwenye mipangilio yake midogo. Vijana wanadhani mstari ule uliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Hapana. Ngozi ya mtu mweusi tii na ya mtu mweupe pe zinaangukia jirani na mstari huo huo, zinatofautiana ung'aavu na ukolevu. Ukiuleta uso kwenye mstari na kuacha ung'aavu wake wa asili, mtu anafanana na yeye. Anayetaka "nifanye mweupe kidogo" namwongezea mwanga, rangi siigusi. Ikiwa taa ilikuwa kali mno na kamera haikunasa kijani kabisa, RGB Mixer inaweza kuazima kutoka chaneli nyingine, yaani nyekundu au bluu, lakini usiahidi miujiza. Pale mama alipata ngozi yake kwa sehemu kubwa, isipokuwa wakati wa keki, ambapo taa zilimpiga usoni moja kwa moja. Akaridhika.

Haya yote yamo kwenye toleo la bure. Nodi, michirizi, duara, kufuatilia, vyote. Sijaona programu nyingine ya bure inayoikaribia hapo. Na nunua mausi yenye gurudumu. Ukiwa kwenye klipu mpya, bonyeza gurudumu juu ya klipu uliyokwisha irekebisha, rangi yake inahamia. Kwenye harusi yenye video za urefu wa saa nane kitendo hicho kinaokoa usiku mzima.

Lalamiko jingine linaloletwa sana kwangu, kila mtu akidhani ni ugonjwa wa Resolve, ni la midomo na sauti kuachana. Hadithi huwa ni ile ile. Baba mdogo wa bwana harusi alikaa mbele kanisani na simu yake, akarekodi ibada yote bila kukata, na familia inataka viapo vya kwake kwa sababu alikuwa karibu. Unaweka kwenye taimlaini, ule mstari wa kupangia klipu, mwanzo midomo inakubali, ukifika kwenye pete mchungaji anaongea na mdomo umefungwa. Tatizo liko kwenye faili. Simu haishiki fremu 30 kwa sekunde kama inavyosema, inapanda na kushuka kulingana na mwanga na joto lake, ilhali Resolve inategemea mwendo usiobadilika. Pakua MediaInfo, ya bure, ifungulie faili. Ukiona penye Frame rate mode pameandikwa Variable, usihangaike kukata na kusogeza sauti vipande vipande. Lipitishe kwanza kwenye HandBrake, nayo ya bure, chagua Constant Framerate na namba unayotaka, acha lifanye kazi, kisha leta faili jipya. Klipu za WhatsApp na za kurekodi skrini ya kompyuta zote zipitie njia hiyo.

Hapo hapo kuna mtego wa mradi wenyewe. Idadi ya fremu kwa sekunde inachaguliwa kwenye Project Settings kabla hujaingiza chochote, maana ukishaanza kazi inafungwa. Klipu ya kwanza ikiwa na mwendo tofauti Resolve inauliza kama ibadilishe, na watu wanabonyeza jibu lolote ili dirisha liondoke. Ukigundua umechelewa, mradi haujafa. Tengeneza taimlaini mpya, ondoa tiki kwenye Use Project Settings, ipe mwendo wake. Mimi huweka 25. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kamera iliyowekwa 25 na shata (muda wa kunasa kila fremu) ya 1/50 haioni mistari inayotembea ya taa. Hilo limalizwe kule kule ukumbini, kwa sababu efekti ya kufuta mtetemo wa taa ni ya Studio.

Sauti nyingine sina ugomvi nayo. Ukirekodi kutoka kwenye miksa ya DJ kwa kinasa cha pembeni, Resolve inalinganisha mawimbi yake na ya kamera na kuziunganisha yenyewe. Ule mvumo wa "mmm" unaoingia kupitia nyaya au jenereta, Fairlight ina De-Hummer. Iweke juu ya klipu, chagua hezi 50, mvumo unaondoka. Sauti ya MC aliyeimeza maikrofoni mpaka spika zikapasuka hakuna programu itakayoirudisha.

Kwenye uhifadhi nina neno kali. Resolve haihifadhi mradi kama faili ndani ya folda yako. Inauweka kwenye ghala lake, Project Library, lililoko kwenye diski ya kompyuta, na hakuna kinachokutahadharisha. Najua ofisi ambayo fundi aliweka Windows upya, video zote zilikuwa salama kwenye diski ya nje, lakini miradi yote ikaenda na maji. Kazi ya miezi. Kila jioni bofya kulia juu ya mradi, Export Project, pata faili la .drp, liweke pamoja na video za mteja. Ni dogo, hata kwenye barua pepe linaenda. Kazi ikikabidhiwa tengeneza .dra, yaani mradi na video zake pamoja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, uhifadhi wa papo kwa papo unakulinda na unapoteza kidogo sana, hapo nawasifu. Washa pia Project Backups kwenye Preferences.

Skrini nyekundu ya "Media Offline" inatisha zaidi ya inavyostahili. Mara nyingi diski ya nje jana ilikuwa E na leo Windows imeipa F. Chagua klipu, Relink Selected Clips, ionyeshe folda. Ili isijirudie, ipe diski herufi yake ya kudumu kwenye Disk Management, herufi za mwisho mwisho kama X. Na diski C ikijaa ghafla, angalia kumbukumbu za muda za Resolve. Menyu ya Playback ina Delete Render Cache.

Kutoa kazi ni ukurasa wa Deliver, mbano wa H.264, bit 8, basi. Usivutwe na H.265 kwa sababu faili ni dogo. Runinga nyingi za sebuleni zinasoma fleshi lakini zinaigomea H.265, na mteja hatasema runinga yake ni ya zamani, atasema kazi yako mbovu. Halafu kuna lile la video ya harusi yenye urefu wa saa tatu kukataa kuingia kwenye fleshi ya gigabaiti 32 ambayo iko tupu. Fleshi imeundwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na huko faili moja haliwezi kufika gigabaiti nne. Ukiibadilisha kuwa exFAT faili linaingia, ila runinga za zamani hazioni fleshi kabisa. Mimi naigawa harusi vipande kwa matukio: kanisani, picha za ufukweni, ukumbini sehemu ya kwanza, ukumbini ya pili. Kila kimoja chini ya gigabaiti nne. Bibi wa Mbagala au wa Moshi anachomeka, inacheza.

Kuhusu Studio, bei yake ni dola 295, zaidi ya laki saba za kwetu kulingana na dola ilivyoamka. Unalipa mara moja, unaiwasha kwenye kompyuta mbili, na mpaka sasa matoleo mapya wamekuwa wakiyatoa bila kudai nyongeza. Ukilinganisha na programu zinazokudai kila mwezi, bei hiyo ni ya haki. Ndani yake kitu kimoja tu kinanitamanisha kweli, nacho ni kupunguza chenga za picha za gizani, kwa sababu kumbi zetu zinazima taa wakati wa kuingia maharusi na kamera inabaki inapapasa. Magic Mask inayomtenga mtu na mandhari kwa kubofya ni raha, lakini lile duara langu la yai linafika.

Anayeanza leo na hela yake ni ya mawazo, foleni iwe hivi: RAM ifike 16, kisha SSD, yaani diski ya kasi, ya kueditia, kisha diski ya nje ya pili ya kunakilia. Studio ingoje mpaka sherehe za Desemba zilipe.